Hekima ya Wayunani, Chuo cha Iskanderia na Jando la Masasi

Mtu wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Kilwa hata Lindi, akiambiwa kwamba hekima ya Wayunani wa kale iliingia katika dini ya Kikristo tangu karne zake za mwanzo, ikaifundisha kupanga hoja na kuwajibu waliokuwa wakiishambulia, huelekea kudhani kwamba hiyo ni habari ya watu wa mbali na zama zilizokwisha, isiyomgusa mkulima wa korosho na ufuta wa Kitomanga, wala mwanawe anayekwenda chuoni alasiri kujifunza Kurani, wala jirani yake Mkristo aliyehamia kutoka upande wa Masasi. Nina yakini kwamba inawagusa wote watatu, na sababu za yakini hiyo ndizo maudhui ya sura hii.

Tuanze na bahari. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Masihi, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani aliyekaa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia wenzake, kijulikanacho kwa jina la Periplus ya Bahari ya Erythra, na ndani yake akaeleza jinsi merikebu zilivyoondoka katika bandari za Bahari ya Shamu, zikazunguka pembe ya nchi ya Wasomali, zikashuka pwani ya Azania hata kufikia Rhapta, soko la mwisho alilolijua upande huo, penye pembe za ndovu kwa wingi, magamba ya kasa, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Na wanazuoni wengi huiweka Rhapta mahali fulani katika pwani ya Tanzania ya leo. Mji mkubwa uliopokea bidhaa za bahari hiyo ulikuwa Iskanderia. Ptolemy, mwanafalaki aliyeitia Rhapta katika orodha yake ya miji ya dunia, aliishi huko katika karne ya pili. Na katika mji huo huo, katika karne hiyo hiyo, palikuwa na chuo cha Kikristo kilichosimamiwa na Pantaenus, mtu aliyelelewa katika madhehebu ya falsafa ya Wastoiko kabla ya kuamini, ambaye Eusebius, mwandishi wa tarikhi ya kanisa, asimulia kwamba alisafiri kwenda kuhubiri mpaka nchi ya Wahindi. Basi mji ulioijua pwani yetu kwa njia ya pembe na kasa ndio mji ambamo hekima ya Wayunani na imani ya Kikristo zilijadiliana kwa mapana kuliko mahali pengine popote.

Lakini kabla ya Iskanderia kuna Justin, na mimi namwona Justin kuwa ndiye ufunguo wa jambo lote, kwa kuwa safari ya maisha yake ilikuwa ndiyo hoja yake. Alizaliwa yapata mwaka 100 katika mji wa Flavia Neapolis, ambao leo huitwa Nablus, katika Palestina, na katika ujana wake alishikwa na shauku ya kumjua Mungu kwa njia ya falsafa. Yeye mwenyewe asimulia kwamba alimwendea kwanza mwalimu wa Kistoiko, akaona hana habari ya Mungu wala haoni haja ya kuwa nayo. Akamwendea mfuasi wa Aristotle, ambaye baada ya siku chache alimtaka wapatane kwanza juu ya ujira. Akamwendea mfuasi wa Pythagoras, naye akamwambia arudi akajifunze muziki, elimu ya nyota na elimu ya maumbo, kisha ndipo aje kuuliza habari za roho, na kijana akaondoka kwa huzuni. Mwisho alipata raha kwa wafuasi wa Plato, ambaye Waarabu humwita Aflatun, akadhani yu karibu kumwona Mungu, mpaka siku moja, akitembea peke yake karibu na bahari, alipokutana na mzee mmoja aliyemhoji kwa upole juu ya roho na umilele wake, akamwonyesha kwamba hoja zake hazijasimama imara, kisha akamwelekeza kwenye vitabu vya manabii.

Jambo la kuzingatia ni alilolifanya Justin baada ya kuamini. Hakulivua vazi la wanafalsafa. Aliendelea kulivaa, akafungua darasa katika mji wa Roma, akafundisha kwamba dini aliyoipata ndiyo falsafa ya kweli aliyokuwa akiitafuta siku zote, na kwamba Neno la milele, ambalo Wakristo huamini kuwa lilijifanya mwanadamu katika Yesu, lilikuwa limekwisha kutawanya mbegu zake katika akili za watu wa kila taifa, hata Socrates na Heraclitus, waliohesabiwa na wenzao kuwa hawana dini, walistahili kuitwa Wakristo kwa kadiri walivyoishi kwa kufuata akili hiyo. Dai hili ni kubwa mno, nasi tumelizoea kiasi cha kutolistaajabia. Mtu wa dini iliyokuwa ikiteswa, asiye na dola wala jeshi nyuma yake, alithubutu kusema kwamba mema yote waliyopata kuyanena wahenga wa mataifa ni mali ya imani yake. Na aliyasema hayo akiwa amekaa miguuni pa walimu wa mataifa hayo, akazijua hoja zao kwa ndani, akijua pia mahali zilipomwacha na njaa. Yapata mwaka 165 aliuawa Roma pamoja na wanafunzi wake.

Katika Iskanderia, Clement, mwanafunzi wa Pantaenus, alilipanua dai hilo, akasema kwamba falsafa ilikuwa kwa Wayunani kama Torati ilivyokuwa kwa Waebrania, yaani mlezi wa kuwaongoza mpaka kwa Masihi. Na baada yake Origen, ambaye kwa wingi wa elimu hakuwa na mfano katika zama zake, alimwandikia mwanafunzi wake Gregory waraka wa kumhimiza achukue katika elimu za Wayunani yote yafaayo, kwa mfano wa wana wa Israeli walivyotoka na dhahabu ya Wamisri wakaitumia kupambia hema ya ibada. Wanaoutaja waraka huo mara nyingi huishia hapo, na kwa kuishia hapo humdhulumu Origen, kwani yeye aliongeza onyo zito, kwamba waliorudi na dhahabu ya ugeni wakaitumia kwa ibada ni wachache, na waliofanya sanamu kwa dhahabu hiyo ni wengi.

Upande wa pili alisimama Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, mwandishi wa ulimi mkali, aliyeuliza Athene ina shirika gani na Yerusalemu, akataka Mkristo atosheke na imani aliyoipokea. Swali lake limekaririwa kwa karne kumi na nane, na kila kizazi kina watu wanaolihitaji. Hata hivyo Tertullian huyo huyo, alipoandika kitabu chake juu ya roho ya mwanadamu, alishika rai ya Wastoiko kwamba roho nayo ni mwili wa namna yake, na Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, akamtaja kuwa mara nyingi yu upande wetu. Mtu aweza kuufunga mlango wa mbele kwa nguvu zote, na fikra za zama zake zikawa zimekwisha kukaa ndani naye. Tofauti baina yake na Clement ni kwamba Clement alijua ni nani aliyemkaribisha.

Sitakaa sana juu ya mabaraza ya maaskofu, kwa maana habari zake zimeandikwa mahali pengi. Yatosha kusema kwamba mwaka 325, katika mji wa Nikea, maaskofu walipotaka kumkatalia Arius, kasisi wa Iskanderia aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe, hawakuona katika maandiko neno la kutosha kumfungia njia, wakalazimika kutumia msamiati wa wanafalsafa juu ya dhati, wakasema Mwana ni wa dhati moja na Baba. Na tangu hapo Mkristo wa mahali popote, ajue asijue, akiikiri imani yake hutamka matunda ya mjadala wa Kiyunani.

Mwaka 529, mwaka ule ule ambao Kaisari Justinian aliwanyamazisha walimu wa falsafa wa Athene, Mkristo wa Iskanderia aitwaye John Philoponus alitoa kitabu cha kuwapinga wale waliosema ulimwengu ni kadimu usio na mwanzo. Hakuwapinga kwa aya. Aliwapinga kwa mantiki yao wenyewe, akauliza yawezekanaje mizunguko ya nyota isiyo na hesabu iwe imekwisha kupita, hali kitu kisicho na mwisho hakipitiki kikaisha. Vitabu vya Wayunani vilihifadhiwa na kufasiriwa na Wakristo wa Kisiria, na katika karne ya tisa mmoja wao, Hunayn ibn Ishaq, alifanya kazi kubwa ya tafsiri katika Baghdad chini ya makhalifa wa Kiabbasi. Naye Philoponus akajulikana kwa Waarabu kwa jina la Yahya al-Nahwi, na hoja zake juu ya mwanzo wa ulimwengu zikaonekana tena katika kitabu alichoandika Imamu al-Ghazali mwishoni mwa karne ya kumi na moja kuwajibu wanafalsafa. Ghazali huyu ni yule ambaye kitabu chake kiitwacho Ihyaa kinaheshimiwa na masheikh wa pwani. Basi hoja ya Mkristo wa Misri, iliyonolewa kwa jiwe la Aristotle, ilipata kimbilio katika utetezi wa Uislamu, na athari ya mijadala hiyo ikavuka bahari pamoja na vitabu vya tauhidi mpaka kwetu. Nitairudia nukta hii, kwa kuwa nadhani inajibu swali moja kubwa la karne iliyopita.

Sasa tuje bara ya Lindi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa Unguja aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani, akashuka nao Lindi, wakapanda kwa miguu mpaka Masasi, wakaanza maskani mapya kati ya Wamakua na Wayao. Watu wa nchi hiyo walikuwa na elimu yao, na chuo cha elimu hiyo kilikuwa jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana: ngariba na makungwi waliwatenga wari kumbini, wakawafundisha kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa uchungu wa mwili maana ya kuwa mtu mzima, adabu kwa wazee, mipaka ya tamaa, na wajibu kwa marehemu, ambao waliombwa kwa unga uliomwagwa chini ya mti. Wamisionari wengi katika Afrika walipokutana na mambo kama haya walijibu kama Tertullian. Huko Masasi alikuwako mmoja aliyejibu kama Clement, naye ni Vincent Lucas, ambaye tangu alipokuwa kasisi, kabla ya kufanywa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishikilia kwamba kulivunja jando ni kuwavunja watu wenyewe, akaweka jando la Kikristo lenye sala mahali pa dua za mizimu, mafundisho ya kasisi pamoja na ya wazee, na kuondolewa kwa yale aliyoyaona machafu. Na mwaka 1928 aliziandika fikra zake katika insha iliyosomwa sana na wamisionari wa Kiingereza.

Lazima tumpe Lucas haki yake, tena kwa moyo mkunjufu, maana katika zama ambazo Mzungu aliyeheshimu mila za Kiafrika alionekana mpungufu wa akili, yeye aliziheshimu. Wala hakuwa wa kwanza kufanya hivyo katika nchi hii; kati ya Wayao, walimu wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuiingiza dini yao katika kumbi za tohara, na mfano huo ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini nikimlinganisha na Justin naona pengo ambalo sifa zote hizo haziwezi kulijaza. Justin alikuwa mwanafunzi wa wanafalsafa kabla ya kuwa mwalimu wa Wakristo. Alipochagua lipi la Plato libaki na lipi liondoke, alichagua katika mali iliyokuwa yake. Lucas alichagua katika mali ya wengine. Hakulelewa kumbini, hakufumbuliwa mafumbo yake akiwa kijana mwenye hofu, na aliloliona chafu alilipima kwa kipimo cha Uingereza alikotoka. Ndugu wa kweli wa Justin katika Masasi walikuwa wale makasisi na walimu wa Kimakua na Kiyao waliopitia jando la baba zao kisha wakabatizwa, waliozijua nyimbo na wakazijua zaburi, na ambao rai zao hazikupata nafasi kubwa katika vitabu vilivyochapwa London. Rai yangu, ambayo ndiyo mhimili wa sura hii, ni kwamba mapatano ya hekima na imani hufungwa kwa haki na yule tu aliye na zote mbili ndani yake.

Waafrika wa namna hiyo walipopata kushika kalamu, mjadala wa karne ya pili ulizaliwa upya. Alexis Kagame, padre wa Rwanda, aliyafuata makundi ambayo Aristotle aligawanyia vitu vyote vilivyopo, lakini akayatafuta upya katika mpangilio wa nomino za Kinyarwanda, na kitabu chake kilitoka mwaka 1956. John Mbiti, Mkamba wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliyefundisha Makerere kwa miaka kumi tangu 1964, alikusanya habari za Mungu kutoka makabila karibu 300 ya Afrika, akazipanga kwa sifa: Mungu ajuaye yote, aliye mahali pote, asiye na mwanzo. Mpinzani wake akawa Okot p'Bitek, mshairi wa Waacholi wa Uganda, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1970 aliwalaumu Mbiti na wenzake kwa kuwavika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani, akidai kwamba sifa hizo za kifalsafa hazina maana kwa mwanakijiji wa Kiafrika. Okot alikuwa na ushahidi wenye kuuma. Alisimulia jinsi wamisionari walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba, na wazee, ambao hawakuwa na fikra hiyo ya kuumba, walipobanwa waseme ni nani aliyewafinyanga, wakataja Rubanga, ambaye kwao ndiye anayeukunja uti wa mgongo wa mtu akawa na kibyongo. Na hivyo nguvu inayoleta ugonjwa ikapewa kiti cha Muumba.

Kisa hicho ni onyo ambalo Origen angelitia sahihi. Papara ya kutafuta kwa kila kabila kitu kilicho sawa na kila sifa iliyotajwa na Wayunani yaweza kuzaa sanamu, na mtu asimame akiiabudu kwa nia njema. Hata hivyo, Okot alipovuka kutoka Acholi akaisemea Afrika nzima, alipita kiasi, na jawabu lake liko katika chuo cha Kitomanga. Katika vyuo vya pwani watoto wa wakulima na wavuvi wamefundishwa kwa vizazi vingi sifa za Mwenyezi Mungu zilizo wajibu, kuwako kwake, ukadimu wake, kubaki kwake, kutofanana kwake na viumbe, na kusimama kwake kwa dhati yake; na sifa hizo, katika mpango wake, zilitungwa na wanazuoni wa madhehebu ya Ashari waliopambana kwa karne nyingi na falsafa iliyotoka kwa Wayunani, wakaikataa katika mengi na wakajifunza kwayo namna ya kusema. Je, mtoto wa Kimwera anayezijua sifa hizo kwa moyo amevikwa vazi la kigeni? Zimekuwa zake. Bibi yake humwombea kwazo, na baba yake huzitaja mazikoni. Fikra huwa ya mwenyeji kwa kutumiwa, kwa kuliliwa na kuapiwa, nako huko kutumiwa hutaka muda ambao wamisionari wa Okot hawakuwapa Waacholi.

Ndiyo maana naona kwamba kazi ya Charles Nyamiti, padre wa Tabora aliyefundisha Kipalapala kisha Nairobi, ni ya namna nyingine, na ina uzito zaidi kuliko kazi ya kukusanya sifa. Yeye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, alianza na jambo ambalo Mnyamwezi hulijua bila kufundishwa, yaani nafasi ya mhenga aliyekufa ambaye bado ana haki juu ya walio hai nao wana haki juu yake, akauliza ni kwa maana gani Kristo aweza kuitwa Mhenga. Na katika kulijibu swali hilo alitumia zana zote za falsafa ya Aristotle alizozipata seminari kwa njia ya Thomas Aquinas. Kwake, Myunani ni chombo mkononi mwa Mnyamwezi. Wapo wanaosema zana hizo zilimtawala kuliko alivyozitawala, nami baadhi ya kurasa zake zinanifanya nikubaliane nao. Lakini njia aliyoishika ni ile ya Justin, ya mtu anayehoji mali ya nyumba yake.

Bara ya Lindi haijampata mtu wake wa namna hiyo, na kuna sababu moja ambayo haipatikani katika habari za Justin. Plato aliandika vitabu, na yeyote mwenye fedha aliweza kuvinunua. Elimu ya kumbini ni siri, na aliyeapishwa asiitoe hawezi kuichapa kwa jina la maendeleo ya taaluma. Wengine huliona jambo hilo kuwa kizuizi kisichoondoka. Wakristo wa kale wasingeliona hivyo, maana nao walikuwa na siri zao: wanaojiandaa kwa ubatizo walitolewa nje kabla ya meza ya Bwana, Kanuni ya Imani yenyewe hawakukabidhiwa mpaka siku zilipokaribia, na Cyril wa Yerusalemu, katika mafundisho yake ya yapata mwaka 350, aliwaonya wanafunzi wake wasiwaambie walio nje waliyoyasikia. Clement naye, alipotaka kuwavuta Wayunani, aliazima lugha ya ibada zao za siri, kwa kujua kwamba msikilizaji wake anafahamu maana ya kuingizwa ndani kwa hatua. Kanisa lile lingeielewa kumbi. Lingeelewa kwamba kuna maarifa ambayo mtu hupewa kwa kupitia jambo, na kwamba kuyafafanua kwa asiyepitia ni kumnyima. Makungwi wa Kimwera, Kimakua na Kiyao ambao leo huingiza wari wakati wa likizo za shule, wengine chini ya dua za mashehe na wengine chini ya sala za makasisi, wanajua ni kiasi gani cha elimu yao chaweza kusemwa hadharani na kiasi gani hubaki kumbini, na mpaka huo ni wao kuuchora.